Sehewa Mpaka Dodoma: Mwili Wake, Maisha Yake, na Joto Linalomharibu

Ndugu wauza samaki wa Majengo na wa Soko la Job Ndugai, mama lishe na baba lishe, maafisa afya wa kata, wanafunzi, na wageni wetu mliotoka Bahi, Chamwino na Kongwa: habari za asubuhi.

Dodoma ni mji wa sato, sangara, perege wa Mtera na dagaa wa ziwani. Mikono ya hapa imezoea samaki wa maji baridi. Inawajua kwa jicho na kwa shavu, na inajua barafu ikipungua hasara itakuwaje: samaki atanuka, bei itashuka, mwishowe atatupwa. Siku hizi, hata hivyo, deli, yaani kasha la kutunzia baridi, likipakiwa basi jioni pale Dar es Salaam linaamkia hapa, baada ya kilomita zipatazo 450, na ndani yake mara nyingi yumo sehewa. Bei yake ni nafuu kuliko ya nguru, nyama yake ni nyingi, na mteja aliyekulia Tanga au Unguja anamtafuta mwenyewe.

Nina hoja moja tu asubuhi hii. Sehewa hashikwi kama sato. Mwili wake umeumbwa kutunza joto, nyama yake imebeba kitu ambacho sato hana, na vitu hivyo viwili vinapokutana na uzembe wa barafu vinatoa samaki anayependeza machoni, asiyenuka, na anayeumiza walaji. Ndiyo maana nitaanza na samaki mwenyewe kabla ya kufika kwenye deli. Asiyejua anavyoishi hataona sababu ya kumhangaikia namna nitakavyoeleza.

Sehewa ni wa ukoo wa jodari, nguru na vibua. Wataalamu humwita Euthynnus affinis. Anaweza kufika urefu wa mita 1 na uzito wa kilo 13 au 14, lakini wanaofika sokoni wengi hawazidi sentimita 60. Kwa makadirio ya haraka, mwenye sentimita 48 ana kilo 1.4 hivi, na mwenye sentimita 65 anakaribia kilo 4.6. Mkeka wa kupimia ukiwa nao, hutadanganywa kirahisi na mtu anayekuuzia kwa simu.

Sokoni jina la sehewa hubebeshwa samaki zaidi ya mmoja, kwa hiyo mtazame kwa makini. Anza mgongoni, nusu ya nyuma: sehewa ana michirizi myeusi ya mshazari, iliyokatikakatika, juu ya mstari wa ubavu. Kisha mgeuze utazame kifuani, kati ya pezi la kifuani na pezi la tumboni. Utakuta madoa meusi machache, mawili hadi matano. Madoa hayo ndiyo alama yake, ingawa kwa baadhi ya samaki hufifia wakishakaa kwenye barafu. Samaki akiwa na mistari mirefu myeusi inayotembea tumboni kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani, huyo ni jamaa yake mwingine, Katsuwonus pelamis, anayeishi zaidi bahari kuu na ndiye anayejaza makopo mengi ya jodari duniani. Ukiona mapezi mawili ya mgongoni yameachana sana, nafasi iliyo katikati ikilingana na urefu wa shina la pezi la kwanza au kuuzidi, umeshika mmoja wa wale wadogo wa jenasi ya Auxis, ambao hawafikii ukubwa wa sehewa. Kwa sehewa mapezi hayo yanakaribiana, na lile la kwanza huanza na miba mirefu halafu linateremka ghafla kwa mkunjo. Jodari mchanga naye hutambulika kwa vipezi vidogo vya njano karibu na mkia, na kwa magamba yaliyoenea mwili mzima. Sehewa hana magamba isipokuwa kifuani, nyuma ya kichwa, na kwenye mstari wa ubavu. Mama lishe akisema samaki huyu hana kazi ya kuparua, amesema kweli.

Kwa afya ya mlaji, tofauti hizi si kubwa, maana wote hao wana hatari ileile nitakayoieleza. Kwa mfuko wako ni kubwa. Wale wadogo wa Auxis wana nyama nyeusi nyingi zaidi na hawapendwi vile, na mtu anaweza kukuuzia kwa bei ya sehewa.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Samaki wengi wana kibofu cha hewa kinachowawezesha kuelea wakiwa wametulia. Sehewa hana. Akiacha kuogelea anazama. Isitoshe, hawezi kusukuma maji vya kutosha juu ya matamvua kwa kufungua na kufumba mdomo kama afanyavyo perege. Hupumua kwa kusonga mbele mdomo ukiwa wazi kidogo, maji yakipita yenyewe. Kwa hiyo anaogelea mchana na usiku, maisha yake yote. Kazi hiyo isiyokoma inafanywa na msuli mwekundu, ile nyama nyeusi mnayoiona imelala kando ya uti wa mgongo na kuelekea ubavuni. Ina damu nyingi na madini ya chuma mengi, ndiyo maana ina ladha kali. Nyama nyeupe iliyoizunguka ni ya mbio za ghafla: kukimbiza dagaa au kumkimbia papa.

Msuli unaofanya kazi hutoa joto. Kwa samaki wa kawaida joto hilo hubebwa na damu hadi kwenye matamvua na kuishia majini. Kwa sehewa na jamaa zake, mishipa midogo inayoleta damu ya baridi kutoka kwenye matamvua imepangwa bega kwa bega na ile inayorudisha damu ya moto kutoka kwenye misuli. Damu hizo hupishana kwa mwelekeo tofauti, na joto huvuka kutoka mshipa hadi mshipa kabla halijafika nje. Matokeo yake nyama ya ndani huwa na joto kuliko maji aliyomo, kwa nyuzi kadhaa, na akipigana na ndoana au wavu joto hupanda zaidi. Bahari yetu hucheza kati ya nyuzi 25 hivi wakati wa kusi na karibu nyuzi 30 wakati wa kaskazi. Piga hesabu mwenyewe: samaki aliyekufa akihangaika katika maji ya nyuzi 29 ana nyama ya ndani inayopita nyuzi 30, na hiyo ni kabla jua la ufukweni halijamgusa.

Hakai mbali sana na nchi kavu. Wadogo huingia hata kwenye ghuba na bandari. Hupendelea maji ya nyuzi 18 hadi 29, husafiri kwa makundi, na makundi hayo hupangwa kwa ukubwa wa mwili kuliko kwa ukoo. Ndiyo sababu kwenye deli moja utakuta sehewa, wale wadogo wa Auxis na jodari wachanga, wote wa urefu mmoja: walikuwa wakiogelea pamoja. Kundi linaweza kuwa na samaki 100 au kupita 5,000. Hula chochote kinachotosha mdomoni, dagaa wa bahari, ngisi, kamba wadogo na vijidudu vya majini, na wavuvi huyaona makundi hayo kwa ndege wanaopiga mbizi juu ya maji yanayochemka kwa samaki wadogo. Jambo hili nalo lina athari sokoni. Sehewa aliyevuliwa akiwa ameshiba ana utumbo uliojaa vimeng'enya vya kusaga chakula, na akikosa baridi vimeng'enya hivyo huanza kusaga ukuta wa tumbo lake mwenyewe. Ukikuta sehewa tumbo limepasuka au limelegea hali macho bado mazuri, usidanganyike na macho.

Kuhusu uzazi, katika pwani ya Afrika Mashariki hutaga kuanzia katikati ya kaskazi hadi kusi inapoanza, yaani takriban Januari hadi Julai. Jike wa kilo 1.4 hutoa mayai yapatayo 210,000 kwa mkupuo mmoja. Jike wa kilo 4.6 hutoa kama 680,000, na kwa msimu mzima anaweza kufika milioni 2.5. Mayai huelea, na katika maji ya joto huanguliwa baada ya takriban siku moja. Sehemu kubwa ya watoto huliwa. Waliobaki hukua kwa kasi na kufika umri wa kuzaa wakiwa na sentimita 38 hadi 50, kwenye mwaka wa pili au wa tatu. Tazama tena takwimu za mayai: jike mmoja mkubwa anazidi wadogo watatu. Mnunuzi anayeagiza sehewa wa sentimita 30 kwa kuwa wanaenea kwenye sahani ya elfu chache anamaliza samaki ambao hawajataga hata mara moja. Sehewa ni mmoja wa samaki 16 wanaosimamiwa na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi yenye makao Shelisheli, na tatizo kubwa la usimamizi wake ni kwamba kwenye fukwe nyingi huandikwa pamoja na samaki wengine kwa jina moja. Kumwandika kwa jina lake sahihi kwenye daftari la mauzo ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani.

Anavyovuliwa kunakuhusu wewe wa Dodoma kuliko unavyoweza kufikiri. Kuna mshipi, wa kukokotwa nyuma ya chombo au wa mkono: samaki anatoka majini akiwa hai, mvuvi anamuua hapohapo, na saa ya kifo inajulikana. Kuna ringneti, inayozungushiwa kundi: samaki ni wengi kwa mpigo, wanapandana ndani ya chombo, na wa chini hupondeka na kukosa barafu. Halafu kuna jarife, wavu unaotegwa usiku kucha. Kumbuka samaki huyu hawezi kupumua bila kusonga. Akinasa kwenye jarife saa tatu usiku, muda si mrefu amekufa, na atabaki kwenye maji ya nyuzi 28 mpaka wavu uinuliwe alfajiri. Anapoingia kwenye mashua tayari ana saa nane au tisa tangu afe, bila barafu hata punje moja. Jarife si haramu kwa hilo, na wavuvi wake si wazembe. Ila samaki wa jarife anahitaji kununuliwa na mtu anayejua saa ya kutega na saa ya kuinua. Mwulize muuzaji wako wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Akisema hajui, mnunulie mtu mwingine.

Saa hizo zina uzito kwa sababu nyama ya sehewa, kama ya jodari, nguru, vibua na dagaa wa bahari, ina kemikali iitwayo histidini iliyo huru ndani ya misuli. Kwa jodari na jamaa zake inaweza kupita gramu 1 katika kila gramu 100 za nyama. Sato na sangara wana kidogo mno. Histidini yenyewe haina madhara. Lakini kwenye matamvua, ngozi na utumbo wa samaki wamo bakteria wenye kimeng'enya cha kuigeuza kuwa histamini, na histamini ndiyo inayoumiza. Wakati samaki yuko hai bakteria hao hawapenyi kwenye nyama. Akifa mlango umefunguka, na katika nyuzi 20 hadi 30 kazi yao huenda kwa kasi ya kutisha. Viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, vinataka histamini isizidi miligramu 200 kwa kilo. Samaki aliyeachwa juani anaweza kupita 1,000 siku hiyohiyo.

Mambo matatu kuhusu histamini yashikeni vizuri, kwa sababu yanapingana na mazoea ya jikoni. Kwanza, haina harufu ya kukuonya. Bakteria wanaonuka na wanaotengeneza histamini si lazima wawe walewale, kwa hiyo samaki anaweza kunukia bahari safi na akawa na sumu. Pili, haitoki kwa moto. Hapa Dodoma, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi; hata kiwanda cha makopo kinachopita nyuzi 115 hakiiondoi. Kukaanga, kubanika, kukausha, kutia chumvi, ndimu au siki, vyote haviifikii. Ng'onda aliyetengenezwa kwa samaki aliyeharibika ni ng'onda mwenye histamini, hata akikauka vizuri kwa upepo wa huku kwetu. Tatu, kuigandisha hakuifuti. Tena kimeng'enya kilichokwisha kutengenezwa na bakteria hudumu kwenye friza, na siku ukimyeyusha samaki kinaendelea na kazi pale kilipoachia.

Kitu pekee kinachosaidia ni kuizuia isitengenezwe, na maana yake ni baridi, mapema, bila kukatika. Mwongozo wa Marekani kwa samaki wa aina hii, pale maji au hewa inapozidi nyuzi 28, unataka awe kwenye barafu ndani ya saa 6 tangu afe, kisha nyama ya ndani ishushwe mpaka nyuzi 4.4. Kwa pwani yetu miezi ya kaskazi hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Mvuvi anayefanya vizuri hufanya hivi. Humpiga sehewa kichwani mara tu anapopanda, ili asiendelee kujipiga na kujipandisha joto. Samaki aliyehangaika sana nyama yake hupauka, inakuwa laini na ina uchachu. Humtoa damu kwa kumkata kina kifupi nyuma ya pezi la kifuani, pande zote mbili, na kukata utando wa matamvua, kisha humwacha kwenye maji ya bahari dakika 5 hadi 10. Huondoa matamvua na utumbo kwa kuwa ndiyo makao ya bakteria. Halafu humzamisha kwenye uji wa barafu: sehemu mbili za barafu iliyosagwa kwa sehemu moja ya maji safi ya bahari. Uji huo hugusa mwili mzima, wakati mapande ya barafu hugusa hapa na pale na kuacha mifuko ya hewa. Ninyi hamko kwenye mashua, najua. Lakini mnaweza kuagiza samaki aliyetolewa matamvua na utumbo, na mnaweza kulipa kidogo zaidi kwa ajili yake. Mvuvi hatafanya kazi ambayo hakuna anayeilipia.

Sasa hesabu ya barafu, ambayo ndiyo inayowashinda wengi. Kilo 10 za samaki wenye nyuzi 30 zinahitaji kilo 3 hadi 4 za barafu ili tu zishuke hadi sifuri. Hiyo ni barafu ya kupooza, inayeyuka yote na kwisha. Bado hujaweka barafu ya safari, ya kupambana na joto linalopenya ukutani mwa deli tangu Feri, Morogoro, Gairo, mpaka hapa. Kwa safari ya usiku mmoja kipimo kinachofaa ni kilo kwa kilo: samaki kilo 30, barafu kilo 30. Najua wengine mnaguna, kwamba nusu ya nauli inabeba maji. Ni kweli, na bado ni nafuu. Na ieleweke kwamba deli halitengenezi baridi. Hotpoti iliyofungwa hutunza ugali wa moto mpaka jioni. Deli lenye samaki wa moto na vipande viwili vya barafu juu linafanya kazi hiyohiyo.

Panga kwa tabaka. Chini kabisa barafu ya kimo cha kiganja, kisha samaki wakiwa wamelala tumbo chini, barafu ndani ya kila tumbo, barafu juu yao, tena samaki, na kumalizia na barafu nene. Wasigusane, wala wasiguse ukuta wa deli. Barafu iwe ya kusagwa. Ya mapande ikilazimika, iponde, maana kona zake huchubua ngozi na kufungua njia kwa bakteria. Tundu la chini liwe wazi ili maji ya damu yatoke. Wapakiaji huliziba ili lisichafue buti la basi, na samaki wa chini wanasafiri usiku kucha wameloa kwenye maji machafu. Weka deli ndani ya beseni au turubai badala ya kuziba tundu. Unene wa samaki nao uzingatie: ukiongezeka mara mbili, muda wa kupoa katikati huongezeka karibu mara nne. Samaki wa kilo 5 asiyetolewa utumbo atakuwa bado na joto kwenye uti wa mgongo wakati wale wa kilo 1 wameshapoa zamani. Wakubwa wapozwe kwanza kwenye uji wa barafu, ndipo wapangwe kwenye deli.

Deli likifika, fungua kabla hujalipa. Barafu ikiwa imebaki, hiyo ni habari njema lakini haitoshi, kwani wapo wanaoongeza barafu mpya Morogoro au hata stendi yetu ya Nzuguni. Tumia kipimajoto cha kuchoma. Chukua samaki mkubwa kuliko wote na mwingine wa katikati ya deli, choma sehemu nene nyuma ya kichwa mpaka ncha ikaribie uti wa mgongo, subiri namba itulie. Nyuzi 4 au chini, pokea. Ikizidi hapo na safari ilikuwa ya usiku mzima, baridi ilikatika mahali fulani, au haikuwahi kuwepo. Kumtupia barafu wakati huo kutampooza, ila hakutarudisha nyuma kilichokwisha kutengenezwa. Mrudishe. Kipimajoto chenyewe kikague mara kwa mara kwa kukitumbukiza kwenye glasi ya barafu iliyosagwa na maji kidogo. Lazima kisome sifuri au karibu sana na sifuri.

Macho na mikono vibaki kuwa ushahidi wa pili. Matamvua mekundu, jicho lililojaa, nyama inayorudi ukiibonyeza, tumbo gumu. Samaki akikosa sifa hizi mkatae hata kama kipimajoto kinasoma sifuri. Akiwa nazo zote, bado kipimajoto ndicho kina neno la mwisho.

Friza la dukani limetengenezwa kutunza kilichoganda. Kugandisha mzigo mpya hulishinda. Ukimwaga kilo 40 za samaki kwa mkupuo, wa katikati watachukua zaidi ya siku nzima kuganda. Gandisha kidogo kidogo, samaki mmoja mmoja kwenye mfuko, wametandazwa, kisha ndipo uwarundike. Umeme ukikatika usifungue mfuniko. Ukirudi ukakuta wamelegea, usiwagandishe tena: wahesabu kuwa samaki wabichi, waweke kwenye barafu, wauze siku hiyo au uwatoe. Kuyeyusha kufanyike kwenye sehemu ya chini ya friji usiku kucha, au ndani ya nailoni kwenye maji baridi yanayobadilishwa. Sehewa anayeyeyuka juu ya meza, mlangoni, jua la Oktoba la Dodoma likimpiga, ndiye mgonjwa wa kesho.

Jikoni sehewa ana tabia zake. Mkate kichwa, mpasue kando ya uti wa mgongo, kila upande uugawe mara mbili, utapata minofu minne. Ondoa ule ukanda mweusi kama wateja wako hawapendi ladha kali, ingawa mimi ningewashauri wenye upungufu wa damu waule kwa sababu ya chuma chake. Msidhani kuondoa nyama nyeusi kunaondoa hatari: histidini huru iko nyingi zaidi kwenye nyama nyeupe. Baada ya kutoa kichwa, mifupa na ngozi utabaki na kama nusu ya uzito, kwa hiyo kilo ya mnofu inakugharimu mara mbili ya kilo ya samaki mzima. Weka hilo kwenye bei ya sahani.

Mafuta yake ni kidogo, ndiyo maana akipitiliza motoni anakauka na kuwa nyuzinyuzi. Kipande cha unene wa sentimita 2 hadi 3 kinataka mafuta ya moto na dakika mbili au tatu kila upande. Kwa mchuzi, ivisha kwanza vitunguu, nyanya na tui, samaki aingie mwisho, dakika 8 hadi 10. Mchuzi wa karanga unamfaa sana, na karanga tunazo. Pilipili itiwe baada ya kuonja. Nyama yenye histamini nyingi huwasha ulimi kwa namna fulani ya pilipili, na anayeanza na pilipili amejinyima onyo la mwisho. Vilivyobaki visilale kwenye sufuria mezani: samaki aliyeiva akishikwa na mikono hupata bakteria upya, na histidini yake bado ipo.

Mtu akidhurika, dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Uso na shingo huwaka na kuwa vyekundu, kwa weusi huhisiwa kama joto kuliko kuonekana, kichwa kinauma, mwili unawasha na kutoa vipele, moyo unakwenda mbio, wengine huharisha au kutapika. Apelekwe kituo cha afya. Dawa za mzio husaidia, na wengi hupona ndani ya siku moja au mbili. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo, au anayepumua kwa shida, asisubiri hata kidogo. Mara nyingi mgonjwa huambiwa ana mzio wa samaki na kukatazwa samaki maisha yake yote, kumbe kosa lilikuwa la baridi. Dalili ya kuwatofautisha: waliokula sahani moja wakiugua watatu kwa pamoja, huo si mzio wa mtu mmoja.

Kipande kilichobaki msikitupe. Kifungeni kwenye nailoni, kigandisheni, kiwekeni alama. Na kila deli linaloingia Dodoma liandikwe juu ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika: tarehe, saa ya kutua pwani, mahali, na kama samaki ni wa mshipi, wa ringneti au wa jarife. Afisa afya akija, kipande hicho pamoja na maandishi hayo ndivyo vitakavyomwonyesha baridi ilikatikia wapi: wavuni, Feri, njiani, au kwenye friza la muuzaji.